Maji ya bwawa la kuogelea yamegeuka: tafuta kasoro kabla hujamwaga dawa

Simu ya namna hii huja Ijumaa jioni, wageni wameshalipia vyumba vya Jumamosi.

"Shikamoo fundi. Bwawa limekuwa kisamvu. Jana lilikuwa safi, wallahi. Nimeshatia ndoo nzima ya klorini, na bado."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndoo ya pili usiifungue. Umepima?"

Kimya. Kikasha cha kupimia kiko stoo, matone yalikauka tangu Ramadhani.

Nimetunza mabwawa ya kuogelea hapa Tanga miaka mingi, kuanzia majumbani Raskazone mpaka nyumba za wageni za barabara ya Pangani. Yaliyoninyima usingizi kwa kukosa dawa ni machache. Mengi yaliharibiwa na dawa iliyomwagwa kwa kubahatisha, kisha dawa nyingine juu yake ya kusahihisha ile ya kwanza. Dalili moja inaweza kuwa na sababu tatu zisizohusiana, na tiba ya sababu hii ni sumu kwa ile. Ndiyo maana nakusihi usome yote kabla ya kukimbilia dukani.

Ukubwa wa bwawa na vipimo vitano

Chukua futi kamba. Urefu mara upana mara kina cha wastani, vyote kwa mita. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa pili, lina wastani wa mita 1.5. Hapo umepata mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Viwango vyote vya dawa nitakavyotaja ni vya bwawa hilo. Lako likiwa nusu yake, gawa kwa mbili. Andika namba yako kwa rangi ukutani kwenye chumba cha pampu. Atakayelitunza baada yako atakuombea dua.

Maji yaliyotulia yana klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu) miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.2 na 7.6, na kwa miligramu hizohizo kwa lita, ualkali (kinachozuia pH isiyumbe) 80 hadi 120, ugumu wa kalisi (chokaa iliyoyeyuka majini) 200 hadi 400, na asidi ya sayanuri 30 hadi 50. Hii ya mwisho ndiyo mwavuli wa klorini. Bila hiyo, jua la saa saba mchana hula nusu ya klorini ndani ya saa moja hivi. Ikizidi, mwavuli unageuka pingu: klorini imo majini lakini haifanyi kazi. Tutairudia, maana imewatia hasara watu wengi wasiojua hata jina lake.

Na pH usiidharau. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo iko katika ile hali kali inayoua vijidudu. pH ikipanda hadi 8 inabaki kama robo, au chini ya hapo. Anayemwaga klorini kwenye maji ya pH 8.2 ni kama anayejaza maji kwenye tenga.

Chota maji ya kupima kwa kuzamisha mkono mpaka kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye filta. Kuna mtego mmoja hapa. Kipimo cha klorini, kile cha rangi ya waridi, kikikutana na klorini nyingi mno, huwaka waridi mara moja kisha rangi inayeyuka, maji yanabaki meupe. Mtu anasoma sifuri, anaongeza klorini. Nimekuta bwawa limeongezewa hivyo siku tatu mfululizo mpaka kaptura za watoto zikapauka. Ukishuku, changanya kikombe kimoja cha maji ya bwawa na vikombe vinne vya maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa tano. Matone yenyewe yakae ndani kwenye kivuli. Joto la chumba cha pampu linayaharibu kabla ya tarehe yake.

Maji ya kijani

Shuka ngazi, pitisha kiganja ukutani chini ya maji.

Mkono ukiteleza kama umeshika bamia, na maji yana ukungu usioona sakafu, huo ni mwani. Ukuta ukiwa safi na maji yanaonekana mpaka chini, ila yana rangi ya chupa ya soda, hiyo ni shaba. Muulize mtunza bwawa kwa upole kama kuna mtu alitia mrututu. Atakataa kwanza. Mrututu unaua mwani kweli, wazee wa mashamba wanaujua kwa kazi nyingine, lakini shaba yake haiondoki: inabaki majini, inatia madoa ya kijani-buluu kwenye lipu, na mgeni mwenye nywele za manjano anatoka na nywele za kijani. Klorini haiitibu hata chembe. Punguza maji, jaza mapya, na mrututu urudi shambani.

Mwani nao una utaratibu wake, na hatua ya kwanza watu huiruka. Shusha pH hadi 7.2 kwanza. Tumia asidi ya haidrokloriki ya kwenye madumu, nusu lita mpaka lita moja kwa mkupuo. Mimina asidi ndani ya ndoo yenye maji (kamwe usimimine maji juu ya asidi), imwage taratibu mbele ya tundu la kurudisha maji pampu ikiwaka, subiri kwa muda wa saa nne, pima tena. Kisha piga brashi kila mahali, nyuma ya ngazi, kwenye pembe, chini ya mdomo wa skima (tundu la ukingoni linalovuta uchafu wa juu ya maji). Koga ni blanketi. Klorini haifiki chini yake mpaka ulichane.

Jua likizama, tia klorini ya kufikisha miligramu 10 kwa lita. Kwa bwawa letu la mfano na klorini ya unga ya asilimia 65, ni kilo 1 na gramu 150. Jaza ndoo maji, nyunyiza unga, koroga kwa ubao, tembea ukimwaga kuzunguka kingo. Acha pampu iwake usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya kijivu au meupe yenye ukungu, na wengi hudhani wameharibu. Huo ni mwani uliokufa. Safisha filta, rudia brashi, rudia klorini jioni. Utajua umemaliza kwa jaribio hili: pima klorini usiku baada ya jua kuzama, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Ikipungua kwa chini ya miligramu 1, hakuna kinachoila tena. Ikipungua zaidi ya hapo, mwani bado upo hata kama macho yanakwambia maji ni safi.

Sasa, kama umefanya yote hayo siku tatu na kijani kinarudi, rudi kwenye sayanuri.

Kuna nyumba ya wageni niliitwa mwezi wa Januari. Klorini ilisoma 3, pH 7.4, kila kitu kama kitabuni, na bado maji kisamvu. Kijana wao alikuwa hodari, anapima kila siku, anaandika kwenye daftari. Nilifungua kikapu cha skima nikakuta vidonge vikubwa vyeupe vinne. "Unatumia hivi tangu lini?" "Tangu nianze kazi, mjomba. Mwaka wa pili huu." Vidonge hivyo ni klorini iliyofungwa pamoja na asidi ya sayanuri. Kila miligramu 10 za klorini zinapotoka, huacha nyuma miligramu 6 hivi za sayanuri. Klorini inaliwa na jua na uchafu, sayanuri haiendi popote. Haivukizi, filta haiishiki. Bwawa linalotumia miligramu 2 kwa siku linajiongezea 36 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu limeshapita 100. Yeye alikuwa na miaka miwili, na maji mapya aliyokuwa akiongeza hayakutosha kuiosha. Kipimo cha sayanuri kiligota mwisho wa mrija.

Kanuni ya kukumbuka: klorini huru isiwe chini ya asilimia 7 au 8 ya sayanuri uliyonayo. Sayanuri ikiwa 40, klorini 3 inatosha. Ikiwa 150, unahitaji zaidi ya 10 kila siku, na hakuna mwenye nyumba atakayelipa bili hiyo. Dawa ya kuiondoa ni kupunguza maji tu. Tulitoa nusu, tukajaza, wakahamia kwenye klorini ya unga, vidonge vikabaki vya siku za safari. Bwawa lilisafishika kwa siku nne.

Hapohapo niseme jambo la uhai. Klorini ya unga na vidonge vile visikutane vikiwa vikavu wala kwenye ndoo moja, wala usitumie kopo moja kuchotea vyote viwili. Vikichanganyika, hasa kukiwa na unyevu, huwaka moto au kulipuka. Asidi ikigusa klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Stoo yangu ina asidi kona moja, klorini kona ya mbali, na mafuta ya taa hayaingii kabisa.

Mwani wa njano, unaokaa upande wa kivuli kama vumbi na kurudi saa moja baada ya brashi, unatibika kwa njia ileile. Ila brashi, kikapu na nguo za kuogea vioshwe kwa klorini pia. Mweusi, vile vitone vigumu kwenye grauti, ni mbishi: vina gamba juu. Vikwaruze kwa brashi ya waya (kwenye lipu tu, usichubue plastiki) kisha klorini kali, na urudie wiki nzima.

Nimetia klorini, dakika kumi maji yamekuwa chai

Hiki ni chuma. Maji ya kisima hutoka yakimetameta, chuma kimeyeyuka ndani hakionekani. Klorini inakigeuza kutu papo hapo. Mwenye nyumba anadhani ameuziwa klorini mbovu na anataka kugombana na muuza duka.

Kabla ya kujaza bwawa kwa maji ya kisima, jaza ndoo nyeupe, tia kijiko cha chai cha klorini, iache saa moja kivulini. Ikibaki nyeupe, endelea. Ikigeuka chai, jaza kwa maji ya bomba, au pitisha maji ya kisima kwenye tangi la juu yakidondoka kama mvua ili yapigwe na hewa, yatuame siku mbili, ndipo uyateremshe bila kuchota tope la chini.

Kama umeshachelewa na bwawa lote ni chai, usiongeze klorini siku hiyo. Gandisha kwa shabu, kama nitakavyoeleza hapa chini, na uvute tope kulitupa nje. Kutu ikikaa wiki mbili inashika ukutani, na huko ndiko kazi inakuwa kubwa.

Maji meupe kama tui jepesi

Chota maji kwenye glasi ya kioo, tia matone machache ya siki. Yakitakata, ni chokaa iliyojitenga majini kwa sababu pH au ualkali umepanda. Huku kwetu si ajabu. Tumekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yalichimbwa na maji ndani ya mawe hayohayo, na saruji ya Pongwe inatokana nayo. Kisima kilichochimbwa ndani ya mwamba huo kinatoa maji magumu, sabuni haitoki povu. Ukiongeza klorini ya unga, nayo ina kalisi yake. Shusha pH kwa asidi kidogo kidogo, ukungu utaondoka wenyewe kwa siku moja au mbili.

Yasipotakata kwa siki, itazame filta. Geji inasema mengi. Andika mkandamizo wake siku filta ilipotoka kusafishwa. Ukipanda kwa pauni 8 hadi 10 juu ya hapo, au nusu ya bari na zaidi, ni wakati wa kurudisha maji nyuma, yaani kuyapitisha kinyume ili yaoshe mchanga wa filta na kutupa uchafu nje. Zima pampu kwanza, kisha ndipo uzungushe mkono wa vali. Kuzungusha pampu ikiwaka kunakata raba ya ndani, na tangu siku hiyo maji machafu yanapenya bila kuchujwa. Rudisha nyuma dakika mbili tatu mpaka kioo cha pembeni kionyeshe maji safi, suuza nusu dakika, ndipo urudi kwenye kuchuja. Wanaoruka kusuuza hurudisha tope bwawani kisha hulalamika.

Geji ikiwa chini kuliko kawaida na maji bado ni tui, fungua filta utazame mchanga. Mchanga mzuri wa silika, chembe za nusu milimita hivi, unafanya kazi miaka mitano hadi saba. Niliwahi kufungua filta nikakuta vipande vya kombe na simbi. Fundi aliyetangulia alibeba mchanga wa ufukweni, akaokoa pesa ya gunia. Mchanga wa ufukweni una makombe ambayo ni chokaa tupu, chembe zake hazilingani, na ule mwembamba hupita moja kwa moja mpaka bwawani. Kila pampu ikiwashwa, kitu kama moshi mweupe kilikuwa kinatoka kwenye tundu. Hakuna dawa ya moshi huo zaidi ya jembe na mchanga mpya.

Pampu nayo iwake muda wa kutosha kuzungusha maji yote walau mara moja kwa siku. Pampu inayosukuma mita za ujazo 12 kwa saa inahitaji saa sita na robo kwa bwawa letu. Najua bei ya umeme. Lakini bwawa la saa mbili kwa siku mwezi wa Februari, maji yakiwa na joto la nyuzi 30, litakugharimu kwenye klorini zaidi ya uniti ulizookoa.

Shabu ni kwa ukungu usiotaka kushikwa na mchanga. Ni ileile waliyotumia bibi zetu kutakasa maji ya mtungi. Weka pH karibu 7.2 hadi 7.6, weka vali kwenye kuzungusha ili maji yasipite kwenye mchanga, yeyusha kilo 3 na nusu kwenye ndoo kadhaa, mwaga kila upande, zungusha saa moja au mbili, kisha zima kila kitu mpaka kesho. Asubuhi utakuta sakafu imefunikwa blanketi la pamba chafu na maji juu yake kama kioo. Vuta kwa vakyumu vali ikiwa kwenye kutupa, taratibu kama mtu anayebeba uji uliojaa bakuli. Ukiharakisha litatimka, nawe utangoja siku nyingine.

Macho mekundu na harufu ya klorini

Mama anatoka na watoto Idi pili, macho yao kama wamekata vitunguu. Anasema dawa imezidi. Mara nyingi imepungua. Harufu ile ni ya kloramini, klorini iliyoshikana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini, ikachoka. Klorini huru yenyewe kwa kiwango cha kawaida haina harufu kubwa.

Pima klorini jumla, toa klorini huru. Kinachobaki ndicho kilichoshikana. Kikizidi 0.4 hivi, kivunje kwa kuongeza klorini mara kumi ya kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, jioni, bwawa likiwa tupu. Nusu dozi haisaidii. Liache bwawa wazi bila turubai, hewa na jua vimalize. Lakini angalia pia pH: ikiwa chini ya 7 macho yatawasha hata klorini ikiwa sawasawa. Na bomba la kuogea kabla ya kuingia liwe na maji kweli. Mabomba mengi nimeyakuta ni pambo.

Ukuta na sakafu

Mstari mweupe mgumu kwenye vigae usawa wa maji ni chokaa. Paka siki au asidi iliyopunguzwa makali, subiri itoe povu, sugua, suuza. Chuma na brashi ya waya vitakwaruza vigae.

Lipu ikichubua magoti ya watoto, jua kwanza ni ipi kati ya mbili. Kwangua kwa msasa sehemu ndogo. Ikitoka unga mweupe na chini yake kuna lipu laini, ni gamba la chokaa. Maji yako ni magumu na pH iko juu. Ikiwa hakuna gamba, unaona chembe za mchanga zimejitokeza na saruji kati yake imeliwa, maji yako yana njaa. Hiyo huja baada ya masika, mvua ya Aprili imechanganyika na kushusha ualkali na ugumu, na vidonge vyenye tindikali vinaendelea kuyeyuka kwenye skima. Pandisha ualkali kwa sodiamu baikaboneti, ileile ya kuumulia mandazi ila ya gunia: kilo 1 na robo hupandisha kwa 10. Magadi ya kupikia maharage yaache jikoni, yana udongo. Lipu iliyokwisha liwa hairudi; utazuia isiendelee tu.

Madoa yana mtihani mzuri. Saga kidonge cha vitamini C, weka kwenye soksi, ibonye juu ya doa dakika moja. Likififia, ni chuma. Lisipofifia, na una mti wa mkungu umeinamia bwawa kama nyumba nyingi za Raskazone, ni majani. Yale majani mekundu ya mkungu yakilala sakafuni usiku mmoja huacha alama kama ya hina. Doa la majani huondoka kwa klorini na brashi. La chuma klorini hulizidisha.

Doa moja la kahawia, duara, lisiloondoka kwa lolote, mara nyingine na ufa mwembamba katikati: hiyo ni nondo inaoza ndani ya zege. Haina dawa ya kumwaga. Chimba mpaka uione, kata iliyooza, ziba kwa mota isiyopitisha maji. Ukiipaka rangi juu unaficha kidonda.

Viputo vya hewa

Pampu ikinguruma kama inakunywa changarawe na viputo vinatoka kwenye matundu, tazama kwa mpangilio huu: maji yameshuka chini ya mdomo wa skima, kikapu kimejaa majani ya mivinje, raba ya kifuniko cha pampu imekauka au ina chembe ya mchanga. Ni mara chache sana ikawa zaidi ya hayo matatu.

Maji yanapungua

Jua na upepo wa kaskazi vinaweza kuchukua milimita 5 au zaidi kwa siku, kwa hiyo usivunje sakafu kwa tuhuma. Jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe kwenye ngazi ili maji ya ndani na ya nje yalingane, weka alama zote mbili, ngoja saa 24 bila mtu kuogelea. Yakishuka sawa, ni jua. Ya bwawa yakishuka zaidi, unavuja. Rudia pampu ikiwa imezimwa: kama inavuja tu inapowaka, tafuta kwenye bomba la kurudisha maji. Kama inavuja vilevile, acha yashuke uone yatakaposimama. Yakisimama usawa wa taa, ni bomba la waya wa taa. Palipo na ufa, piga mbizi na bomba la sindano lenye rangi ya chakula, isukume taratibu karibu na ufa maji yakiwa yametulia; rangi ikinyonywa, umepata.

Hapo ndipo watu husema "tulikaushe tulione vizuri." Ngoja. Bwawa lililojaa ni zito na linakaa chini. Bwawa tupu ni mashua. Maji ya ardhini yakiwa juu ya sakafu yake, yanalisukuma kutoka chini, na zege linapasuka au bwawa zima linainuka. Nililiona moja karibu na ufuko, lilikaushwa mwezi wa Mei: ukingo wa upande wa kina umesimama kiganja kizima juu ya baraza, mabomba yote yamekatika. Ardhi ya karibu na bahari hupanda maji yake wakati wa masika, na hata bamvua huonekana kwenye visima vya pwani.

Kwa hiyo tafuta kisima cha jirani, teremsha kamba yenye jiwe, pima maji yako umbali gani kutoka usawa wa ardhi. Yakiwa yamefika usawa wa sakafu ya bwawa lako au juu yake, rekebisha ufa ukiwa ndani ya maji kwa epoksi inayoshika chini ya maji, ulihifadhi bwawa likiwa limejaa. Kulikausha ni kazi ya Januari au Februari, na hata hapo upime kisima tena asubuhi ya siku yenyewe.